Unguja, Pemba au Mafia? Anza na mwezi, si na picha

Shemeji yangu alinipigia simu akiwa Dodoma. Amepata likizo ya siku saba, watoto hawajawahi kuiona bahari, na picha za simuni zimemchanganya. "Shem, niambie tu. Unguja, Pemba au Mafia? Ipi ina ufuo mzuri?" Nikamwuliza likizo yenyewe inaanza lini. Akadhani namkwepa.

Simkwepi mtu. Mchanga mweupe upo kote kuko, na mnazi ulioinama juu ya maji utaupata Nungwi ya Unguja, utaupata Vumawimbi ya Pemba, utaupata Utende ya Mafia. Kinachotofautisha safari ni kile kilicho nyuma ya mchanga wiki ile utakayofika: kama karafuu zimeanikwa majamvini au mikarafuu imebaki majani matupu, kama papa potwe yuko mbele ya mji wa Kilindoni, Mafia, au ameshaondoka, kama kijiji kizima kiko kiwanjani na vigogo vya migomba au kiko shambani kinapalilia muhogo. Hivi ni visiwa vya wakulima na wavuvi. Mgeni anafuata kalenda yao, apende asipende.

Wakenya wataniuliza mbona Lamu haimo. Lamu ina sikukuu pengine kuliko hizi zote, hasa Maulidi yake, lakini mimi natafuta mahali ambapo shamba, ufuo na ngoma vinapatikana ndani ya safari moja bila kuhama, na mashamba makubwa ya Lamu yako upande wa bara. Basi tubaki na hivi vitatu.

Nimevipima kwa mambo matano: njia ya kufika, shamba utakaloliona, ufuo na tabia ya maji, sikukuu na ngoma, na mwisho malazi na mfuko. Ila kabla ya yote hayo kuna suala la kalenda.

Kalenda tatu za kuweka kichwani

Ya kwanza ni ya pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, jua kali, bahari ya mashariki imetulia kiasi. Masika yanashuka kati ya Machi na Mei, na hoteli nyingi ndogo hufunga milango. Kisha kusi, Juni hadi Septemba: hali ya hewa ya baridi kidogo, upepo wa kutosha kugeuza mwavuli, na mkondo wa Pemba unaowatapisha hata mabaharia. Vuli huja Oktoba hadi Desemba kwa manyunyu mafupi.

Ya pili ni ya mwezi mwandamo. Idi ndogo ni Mfunguo Mosi, Idi kubwa Mfunguo Tatu, Maulidi Mfunguo Sita, na kila mwaka wa kizungu tarehe hizo hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia kuanzia Februari, katikati ya msimu wa kaskazi ambao wageni wengi huupenda. Visiwani mchana wa Ramadhani hakuna mgahawa wa mtaani uliofunguka, na kula barabarani ni utovu wa adabu. Lakini jioni ndiyo chakula kizuri kuliko mwezi wowote. Nitakuja huko.

Ya tatu wengi wameisahau, nayo ni ya Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365 ambao wazee wa pwani waliugawa kwa miongo, kumi kumi, ili wajue siku ya kupanda na siku ya kusafiri. Mkulima na nahodha walihesabu kwa kalenda ileile. Ndiyo sababu sikukuu kongwe ya Unguja haifuati mwezi mwandamo: iko Julai, mwaka baada ya mwaka.

Kufika

Unguja haina shida. Boti za kasi kutoka Dar huchukua saa mbili hivi, ndege ziko kila saa, na ukishuka bandari ya Malindi unatembea kwa miguu hadi Mji Mkongwe. Daladala za shamba huondokea Kijangwani; 309 inakwenda Jambiani, 310 Makunduchi, 116 Nungwi. Ni nauli ndogo na safari ndefu, na utabanwa kati ya kikapu cha dagaa na godoro la mtu. Mimi naipenda. Mwenye watoto watatu na masanduku achukue teksi.

Pemba inataka subira zaidi. Ndege ndogo kutoka Unguja hutua Chake Chake kwa nusu saa. Meli hutia nanga Mkoani au Wete, na kuna vyombo vya kutoka Tanga pia, jambo linalomfaa mtu wa Mombasa anayevuka Horohoro kwa basi badala ya kuzungukia Dar. Kumbuka tu kwamba meli za Pemba hazina safari kila siku kama za Unguja, kwa hiyo ratiba ya meli ndiyo itakayokupangia siku za likizo. Ndani ya kisiwa barabara ya lami imeunga miji mitatu, na daladala 603 ya Chake hadi Mkoani au 606 ya Chake hadi Wete hupita vilima na mabonde kiasi kwamba nauli yenyewe ni tiketi ya kutalii.

Mafia unaifikia kwa ndege kutoka Dar, muda usiofika saa moja, au kwa njia ya watu: basi kutoka Mbagala hadi Nyamisati kwenye delta ya Rufiji, kisha boti au kivuko cha MV Kilindoni. Hapo maji ndiyo yanayoamua saa ya kuondoka. Nimewahi kukaa Nyamisati nusu siku nikisubiri maji yajae, nikala mihogo ya kuchoma hadi nikaichukia. Anayekwenda Mafia kwa boti asipange mkutano wa kazi siku ya kurudi.

Kwa wasomaji wanaotoka nje ya nchi: Zanzibar, yaani Unguja na Pemba, tangu Oktoba 2024 ina bima ya lazima ya safari kwa wageni. Mafia iko Mkoa wa Pwani, Tanzania Bara, kwa hiyo bima hiyo haikuhusu huko. Ila ukilala ndani ya hifadhi ya bahari utalipa ada ya hifadhi kwa kila siku.

Shamba

Hapa ndipo visiwa vinapoachana kabisa, na sababu iko ardhini. Unguja imegawanyika: magharibi na kati kuna udongo mzito unaootesha kila kitu, mashariki na kusini kuna ardhi ya mawe ambayo muhogo wenyewe hujitafutia ufa. Ufuo mzuri uko upande wa mawe. Ndiyo maana anayelala Paje akitaka kuona mdalasini inabidi asafiri hadi Kizimbani, Kidichi au Dole, na huko atapelekwa kwenye ziara ya viungo: atanusishwa iliki, atavunjiwa kungumanga, atavishwa kofia ya makuti, kijana atapanda mnazi akiimba. Ni maonyesho zaidi ya shamba, nalisema wazi. Hata hivyo watoto hujifunza kwamba pilipili manga ni mmea unaotambaa na vanila ni tunda la ua, na nusu siku inatosha. Ukiwa huko pita Kidichi, kwenye hamamu, yaani bafu la kale, ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi katikati ya karne ya 19.

Lakini upande wa mawe nao una shamba lake, ila liko majini. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, kwenye vijiji kama Paje na Jambiani, na mikono iliyokibeba ni ya kina mama. Maji yakikauka wakati wa bamvu utawaona wameinama katikati ya bahari iliyogeuka uwanja, vijiti vimepigwa mistari, kamba zimefungwa vishada. Aina ya mwani yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa kwa joto la maji, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosi ya bei ndogo, na baadhi wamehamia kutengeneza sabuni. Ukitaka kuwatembelea, uliza kwanza, usikanyage kamba, na kama unapiga picha lipa kitu. Mtu yuko kazini.

Pemba ni shamba lenyewe. Waarabu waliiita Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, na hawakutia chumvi. Mikarafuu iliingia visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa muda Unguja ndiyo iliyoongoza, hadi kimbunga cha mwaka 1872 kilipong'oa mikarafuu yake karibu yote. Pemba iliponea, na toka hapo karafuu ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ni karafuu ya Pemba.

Msimu wa kuchuma uko nusu ya pili ya mwaka na huweza kuvuka hadi Januari. Ukiingia wakati huo huhitaji mwongozaji. Harufu inakupokea bandarini. Wachumaji wako juu ya miti mirefu tangu alfajiri, na usiku familia nzima huketi barazani kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, hadithi zikiendelea. Asubuhi kila kitu kinamwagwa majamvini, na macho yote yako mawinguni, kwa sababu mvua moja ya ghafla inaharibu kazi ya wiki. Makonyo nayo hayatupwi: yanakwenda kiwanda cha Wawi, nje kidogo ya Chake, kukamuliwa mafuta, na mgeni anaweza kuomba kutembezwa.

Tahadhari tatu. Miaka hailingani, mwaka huu miti inaelemewa, mwakani inapumzika, kwa hiyo piga simu kwa mwenyeji kabla ya kukata tiketi. Usipande mkarafuu kwa ajili ya picha, maana wachumaji wazoefu huanguka kila msimu. Na usijifanye mjanja kununua gunia la karafuu kwa mtu njiani: mnunuzi ni shirika la serikali, ZSTC, na magendo ya karafuu ni kesi.

Nje ya msimu? Pemba bado ina mabonde ya mpunga, migomba, na msitu wa Ngezi kaskazini. Ila karafuu ikiwa haipo, kisiwa kimelala. Wengine hilo ndilo wanalolitafuta.

Mafia ni nazi. Minazi iliyopandwa kwa mistari tangu enzi za mashamba makubwa inatembea hadi ufukweni, kwa hiyo hapa, tofauti na Unguja, shamba na bahari vinagusana. Hakuna ziara iliyopangwa. Utamkuta mzee kwenye kifuo akifua nazi, pigo moja na msokoto mmoja, utajaribu na utashindwa, atacheka. Kuanzia Oktoba korosho nazo ziko chini ya miti. Nazi haina msimu mkali kama karafuu, na hilo ni faida: mwezi wowote utaona kitu.

Ufuo na tabia ya maji

Jambo moja ambalo picha hazikuambii ni kupwa na kujaa. Mashariki ya Unguja, kuanzia Jambiani hadi Matemwe, maji hukimbia mbali mno. Mgeni wangu mmoja alilipia chumba kinachotazama bahari, akaamka akakuta hakuna bahari, akataka kurudishiwa pesa. Ni maumbile ya pwani ile. Maji yatarudi baada ya muda wa saa sita hivi. Kwa mtoto mdogo ni baraka, kwani ana vidimbwi vya joto vya kuchezea. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende Nungwi au Kendwa, ambako ufuo umeshuka haraka na maji hayaendi mbali. Huko pia ndiko kwenye watu wengi zaidi, muziki zaidi, na vijana wa ufukweni watakaokuuzia safari ya boti mara kumi kabla ya saa nne asubuhi. Paje ni ya wenye tiara za kuteleza majini, msimu wa kusi na wa kaskazi. Kizimkazi wapo pomboo, lakini boti zikizidi hugeuka msako. Nenda alfajiri au usiende.

Pemba haina ufuo kila kona. Sehemu kubwa ya pwani yake ni mikoko na vijito. Vumawimbi, kaskazini nyuma ya msitu wa Ngezi, ni ufuo mrefu ambao unaweza kuutembea saa nzima ukikutana na wavuvi wawili na ng'ombe mmoja. Hauna kibanda wala kiti, kwa hiyo beba maji na chakula. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake, kina matumbawe ambayo wazamiaji husafiri mabara kuyaona, na wavuvi wana kisa chake: Nabii Khidhri alifika hapo, akaomba msala wa kuswalia, usipatikane, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala, kimeelekea Makka. Maji ya Pemba ni ya kina kirefu na mikondo. Yanamfaa mzamiaji mwenye cheti kuliko anayejifunza.

Mafia, kwa maji, ina kitu ambacho wengine hawana. Hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza nchini, na ghuba ya Chole ndani yake imekingwa na visiwa, hivyo asiyejua kuzamia anaweza kuvaa miwani tu na kuona matumbawe. Na kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja kula mbele ya Kilindoni. Unaruka majini naye yuko pale, kama basi dogo lenye madoa. Hana meno ya kukudhuru. Usimguse, na usikubali boti iliyojaza watu. Miezi ya kusi, potwe akiwa haonekani, kasa wa kisiwa cha Juani ndio huanguliwa. Ukisikia mchanga unatikisika ujue ndio wanatoka. Kama fukwe pana za kupiga picha ndizo shabaha yako, Mafia itakuvunja moyo: upande wa Utende una mikoko mingi, na mchanga mzuri ni ule wa fungu linalotokea katikati ya bahari maji yakipwa.

Sikukuu na ngoma

Unguja ndiyo yenye kalenda iliyojaa. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, hufanyika Februari na jukwaa lake kubwa ni Ngome Kongwe. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, huja katikati ya mwaka. Agosti kuna Tamasha la Kizimkazi. Haya ni mazuri na yana ratiba, tiketi na msongamano.

Kwangu mimi, hata hivyo, la kusafiria ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Julai, tarehe ishirini na kitu. Mchana watu wa pande mbili za mji hukutana kiwanjani, zamani kwa fimbo, sasa kwa vigogo vya migomba, wakapigana kweli. Kisirani chote cha mwaka kinamalizwa pale, kisha watu hupeana mikono. Kinajengwa kibanda cha makuti, mtu anaingia, kinawashwa moto, naye anachoropoka huku watu wakimkimbilia, maana yake jirani yako akipata janga utamwokoa. Kina mama, wamevaa vilivyo vipya, huzunguka wakiimba, na nyimbo nyingine zina maneno ambayo siku ya kawaida ungeombwa radhi. Kisha ni kula. Mwenye nyumba asiyepata mgeni siku ile huona mkosi, kwa hiyo usishangae ukivutwa mkono na mtu usiyemjua. Mimi nilivutwa na bibi mmoja, "Ingia mwanangu, usinitie nuksi," nikala wali nyumba tatu kwa saa mbili. Usivae kaptula. Usisimame katikati ya migomba.

Pemba ina mchezo wa ng'ombe. Husemwa kwamba Wareno waliuacha, na ukiona kitambaa kikipeperushwa mbele ya pembe utaona hoja yao, ila hapa ng'ombe hauawi. Anachokozwa, anakimbiza, watu wanakwea miembe, kina mama wanaimba, na jioni anarudishwa zizini. Huchezwa katika miezi mikavu kabla ya masika, vijiji kama Chwale na Kengeja, na hakuna tovuti itakayokupa tarehe. Mwulize dereva wa daladala. Zipo pia ngoma za huko huko: msewe, wanaume wanaocheza na njuga za miguuni, na kibati, majibizano ya haraka yanayomtaka msikilizaji ajue Kiswahili kweli kweli. Mimi nilipitwa na mafumbo mengi.

Mafia sherehe zake ni za wenyeji kwa wenyeji: Maulidi, harusi, Idi. Hutauziwa tiketi, na pengine hutajua hadi usikie dufu usiku. Mwenye bahati na adabu hualikwa. Asiyealikwa ana magofu ya Kua pale Juani, na kisa chake cha watu wa Kua na Kisimani waliolipizana kisasi kwa harusi iliyogeuka kaburi. Mwombe mzee akusimulie. Kila mmoja ana mwisho wake.

Sikukuu ya Idi, popote kati ya vitatu, ina ladha yake. Unguja na Pemba husherehekea siku nne, na jioni watoto humiminika viwanja vya sikukuu na nguo mpya na mkono wa Idi ngumini. Kama una watoto wa rika hilo, hakuna tamasha litakalowafurahisha zaidi, na ni bure. Na Ramadhani niliyoahidi: ukilala kwa familia au nyumba ndogo ya wageni, futari ya Pemba, na muhogo wa nazi, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, inatosha kuwa sababu ya safari.

Malazi na mfuko

Sitataja bei, zinabadilika kuliko upepo. Unguja ina kila daraja, kuanzia nyumba ya wageni ya Jambiani hadi hoteli ambayo kikombe cha kahawa ni bei ya chakula cha siku nzima mjini, na kwa kuwa vyumba ni vingi, Mei na Juni unaweza kupatana. Pemba ina nyumba za wageni za bei ya wastani Chake, Wete na Mkoani, hoteli chache za kifahari kaskazini, na katikati ya hizo mbili karibu hakuna. Mafia vivyo hivyo: Kilindoni kwa mfuko mdogo, Utende na Chole kwa mfuko mkubwa. Mashine za benki Unguja ni nyingi. Kwingine toa fedha ukifika mjini, kabla ya kwenda ufukweni. Pombe ipo Unguja hotelini, Pemba ni kwa kutafuta, Mafia ni kidogo. Mavazi ya kuogelea yabaki ufukweni, kote.

Kwa hali yako

Mnaenda mara ya kwanza, mna watoto wadogo na siku tano au pungufu: Unguja. Usiku mmoja Mji Mkongwe, nusu siku kwenye viungo, siku zilizobaki Jambiani au Kendwa kulingana na umri wa watoto na maji.

Likizo iko Julai: Unguja kusini, na upange wiki iangukie Mwaka Kogwa. Ukiwa mzamiaji, kumbuka bahari ya kusi si rafiki.

Una Septemba hadi Novemba, unapenda kijiji kuliko hoteli, na mwenyeji amekuthibitishia karafuu zipo: Pemba, si chini ya siku nne, na usijaze ratiba. Ukiweza Januari au Februari nje ya Ramadhani, fuata mchezo wa ng'ombe.

Oktoba hadi Februari, na ndoto yako ni kuogelea na papa potwe, au unataka kusoma kitabu bila kuuziwa kitu: Mafia, kwa ndege kama siku zako ni chache.

Una wiki mbili: unganisha Pemba na Unguja kwa meli, ukianza na Pemba. Ukianza na Unguja utaikuta Pemba kimya mno na utadhani umekosea.

Masika, Aprili hadi katikati ya Mei: kama unaweza, subiri. Kama huwezi, kaa Mji Mkongwe, ambako mvua ikinyesha kuna baraza, kahawa na bao.

Shemeji alikuwa na wiki ya mwisho ya Desemba, mke anayeogopa boti, na watoto wa miaka sita, tisa na kumi na mbili. Nilimwambia ndege hadi Unguja, Jambiani siku nne, na wa miaka kumi na mbili apewe asubuhi moja na kina mama wa mwani. Sasa anauliza habari za Pemba, kwa sababu mtoto ndiye aliyeanza kuuliza karafuu zinachumwa mwezi gani.